Chura wa Kihansi na mita mbili za maji

Agosti 2010 vyura mia moja walishuka kwenye ndege Dar es Salaam wakitokea Marekani. Vijiweni stori ilinoga: chura wa Udzungwa kapanda ndege, kakaa majuu miaka kumi, karudi kapokelewa na maprofesa, wakati wewe hata pasipoti huna. Wengine hawakucheka. Waliuliza kwa hasira ni nchi gani hii inayotumia mamilioni kumtunza chura huku zahanati hazina dawa. Kati ya utani na hasira, kisa chenyewe kikapotea. Ukimuuliza Mtanzania wa kawaida leo, atakwambia wazungu walimpenda chura wetu kuliko sisi wenyewe, na hapo mazungumzo yanaishia.

Mimi naona kisa hiki ndicho somo zito kuliko yote tuliyonayo kuhusu namna kiumbe kinavyotoweka Afrika. Hapa hakuna jangili, hakuna bunduki wala meno ya tembo kwenye kontena. Kuna mto, kuna bwawa ambalo nchi ililihitaji kwelikweli, na kuna namba moja iliyoandikwa kwenye kibali cha maji.

Tuanze na mahali. Ukitoka Ifakara kuelekea Mlimba, reli ya TAZARA ikiwa jirani, mkono wako wa kulia utaona ukuta wa milima ya Udzungwa. Mto Kihansi unatoka juu, nyanda za Mufindi, ukifika ukingoni unaporomoka. Katika kilomita chache tu unashuka kama mita 850. Poromoko kubwa mojawapo lina urefu wa mita 100 hivi, na hapo maji yalipokuwa yanagonga miamba yalirusha rasharasha mchana na usiku, kiangazi na masika. Pembeni mwa poromoko hilo na chini yake, rasharasha hiyo ilikuwa imetengeneza vipande vya majani mafupi na kuvu-mwani vilivyolowa siku zote, joto halipandi wala halishuki sana, upepo wa baridi wa maji ukivuma bila kukoma. Jumla ya vipande hivyo ilikuwa kama hekta mbili, viwanja vitatu vya mpira kwa makadirio. Hapo ndipo alipoishi chura wetu, na hakuwahi kuonekana kwingine popote duniani.

Ni mdogo sana. Mkubwa wao hafiki sentimita tatu, wengi hawafiki mbili. Rangi yake ni njano ya dhahabu, na ngozi ya tumbo ni nyembamba kiasi kwamba jike akiwa na mimba unawaona watoto ndani. Ndiyo, mimba: chura huyu hatagi mayai majini. Anazaa vitoto vilivyokwisha kuwa vyura, kila kimoja na urefu wa milimita tano hivi, hakuna hatua ya kiluwiluwi majini. Ukikaa mahali ambapo maji yanapiga na kusomba kila kitu, kutaga kwenye dimbwi ni kupoteza uzao. Kila kitu katika mwili wake kimekubali rasharasha kama sharti la uhai.

Wataalamu walimkuta mwaka 1996. Maelezo rasmi ya kisayansi yalitoka miaka michache baadaye, na mmoja wa waliomwandika ni Kim Howell, aliyefundisha zoolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miongo mingi. Sasa tazama tarehe nyingine: ujenzi wa mradi wa umeme wa Kihansi ya Chini ulianza mwaka 1994. Yaani chura alipotambuliwa, miamba ilishaanza kulipuliwa na mkopo ulikwisha sainiwa. Fedha zilitoka Benki ya Dunia, pamoja na Norwe, Sweden, Ujerumani na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Tathmini ya mazingira ilikuwepo kwenye makaratasi, lakini uchunguzi wa kina wa viumbe wa bondeni ulikuja wakati mashine ziko kazini. Kisingizio kilichotolewa ni kwamba bonde ni gumu kufikika. Bonde hilohilo wahandisi walilifikia, wakachimba handaki ndani ya mlima na kujenga nyumba ya mitambo chini ya ardhi.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu wanaharakati wengi hupita haraka.

Mradi ule haukuwa anasa. Anayekumbuka Tanzania ya miaka ya tisini anakumbuka mgao. Bwawa la Mtera likikauka, nchi inazima. Saluni zimefungwa, mashine za kusaga zimenyamaza, samaki wanaoza feri. Mitambo ya Kihansi ina uwezo wa megawati 180. Ukijumlisha na Kidatu yenye 204, Mtera 80, Pangani mpya 68, Hale 21 na Nyumba ya Mungu 8, unaona kwamba karibu theluthi ya umeme wote wa maji wa nchi ingetoka kwenye bonde hili moja. Na bwawa lenyewe ni dogo, ukuta wa mita 25 tu, halikuzamisha vijiji wala halikuhamisha maelfu ya watu. Kwa mhandisi, Kihansi ni zawadi: maji machache yanaanguka kutoka juu sana. Kila mita moja ya ujazo kwa sekunde inayopitishwa kwenye mitambo inatoa kama megawati saba.

Basi fanya hesabu. Mto ule kwa wastani wa mwaka unabeba kama mita za ujazo 16 kwa sekunde. Mitambo yote ikizunguka kwa nguvu inameza kama 25. Maana yake muda mwingi wa mwaka mitambo ina uwezo wa kuumeza mto wote na kubaki na njaa. Kila tone linaloachwa lipite kwenye poromoko ni umeme uliopotea, na linaweza kupimwa kwa shilingi. Rasharasha, kwa upande wake, haikuwa na bei kwenye kitabu chochote.

Mwishoni mwa 1999 na kuingia 2000 maji yakageuzwa. Poromoko lililokuwa likinguruma likabaki na kijito. Zaidi ya asilimia tisini ya maji ilikuwa inapita ndani ya mlima na kutokea kilomita kadhaa chini. Majani ya bondeni yakaanza kubadilika, magugu ya sehemu kavu yakaingia, na siafu, ambao zamani hawakuthubutu kukanyaga sehemu ile iliyolowa, wakapata njia.

Kelele zilikuwa zimeshaanza kabla ya hapo. Wanasayansi wa Dar es Salaam waliandika ripoti, mashirika ya mazingira ya nje yakawageukia wakopeshaji: mna sera za mazingira, mbona mmelipia mradi unaofuta kiumbe kizima duniani? Tanzania ilikuwa imeridhia Mkataba wa Bioanuwai mwaka uleule wa 1996 chura alipopatikana, na Norwe na Sweden ni wanachama wa mkataba huohuo. Swali lilikuwa la aibu kwao kuliko kwetu, na kwa maoni yangu ndiyo sababu lilisikika. Kama bwawa lingejengwa kwa fedha za ndani peke yake, sidhani kama leo ungekuwa unasoma habari za chura huyu.

Lakini kampeni ile ilibeba udhaifu ambao harakati nyingi za uhifadhi zinao hadi leo. Ilifika kwa wananchi kama swali la chaguo: chura au umeme. Ukimwekea mama lishe wa Mlimba swali hilo, jibu unalo kabla hajafungua mdomo, na hana kosa. Swali la kweli lilikuwa dogo na la kiufundi: poromoko liachiwe mita ngapi za ujazo? Mbili? Nne? Saba? Kwa miezi gani? Nani analipa tofauti? Hilo linajadilika, lina hesabu pande zote mbili. Mamlaka za maji zilipokuja kuliandika, kibali kiliweka kiwango cha kuachia mita kama moja na nusu hadi mbili kwa sekunde. Kwa hesabu ile ya megawati saba, ni megawati kumi hadi kumi na nne zilizosamehewa. Kwa mazungumzo ya Dar es Salaam hicho ni kiasi kikubwa. Kwa chura wa rasharasha, mita mbili zikianguka hazirushi kitu cha maana.

Pengo likazibwa kwa mabomba. Mwaka 2001 vilifungwa vinyunyizio bondeni: maji yanachukuliwa kwenye vijito vya juu, yanashuka yenyewe kwa mteremko, yanachujwa, kisha yanatoka kwenye matundu madogo kama ukungu juu ya majani. Mtu anaweza kucheka, kumwagilia pori la mvua milimani. Lakini ilifanya kazi! Wahudumu walikuwa wakizibua matundu yaliyoziba kwa mchanga, wakipita juu ya vidaraja vya mbao ili wasikanyage majani, na vyura waliokuwa wamepungua sana wakaanza kuongezeka. Juni 2003 makadirio yalifika karibu 21,000. Ungeweza kusema kesi imeisha, uhandisi umeua na uhandisi umeponya.

Wiki chache baadaye walikuwa wanakwisha. Si kupungua, kwisha. Agosti mwaka huohuo walihesabika kwa makumi. Januari 2004 waliosikika na kuonekana hawakuzidi vidole vya mkono mmoja. Baada ya 2005 bonde likanyamaza, na mwaka 2009 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, likamwandika chura wa Kihansi kuwa ametoweka porini.

Nini kiliwaua? Kwenye mizoga ya 2003 ulikutwa ugonjwa wa kuvu uitwao kitridi, uleule uliofuta vyura Amerika ya Kati na Australia. Kuvu hii inashambulia ngozi, na chura anapumua na kusawazisha chumvi za mwili kupitia ngozi. Ngozi ikiharibika moyo unasimama. Wakati uleule bwawa lilikuwa limefunguliwa kusafisha tope, na tope hilo lilishukiwa kubeba viuatilifu vya mashamba ya juu. Vinyunyizio navyo vilikuwa vimesumbua. Kuna waliobishana miaka mingi kipi kati ya hivyo ni muuaji. Maoni yangu ni kwamba ubishi huo unaficha jambo. Kiumbe chenye hekta mbili tu duniani, kilichokwisha bebeshwa mabadiliko ya joto, ukavu, magugu na siafu, hakihitaji muuaji mmoja. Kinahitaji pigo la mwisho, lolote litakalotangulia kufika.

Na kuna jambo linalouma zaidi, ambalo wahifadhi huliongelea kwa sauti ya chini. Kuvu ya kitridi husafiri kwenye tope, kwenye maji, kwenye viatu. Kabla ya mradi, bonde lile lilikuwa halikanyagwi na mtu kwa miezi. Baada ya mradi lilijaa mafundi, watafiti, wapima maji, wageni rasmi. Hakuna aliyethibitisha ni buti la nani, lakini kila anayeingia siku hizi anapitia utaratibu wa kuosha na kuua vijidudu kwenye viatu na vifaa. Utaratibu huo haukuwepo mapema.

Lililookoa jina lisifutwe kabisa ni uamuzi wa mwishoni mwa mwaka 2000. Vyura 499 walikamatwa na kupelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx jijini New York, kisha wakagawanywa kwenye bustani nyingine, Toledo ya jimbo la Ohio ikiwemo. Kwa sababu kundi zima la vyura hawa liko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, safari ile ilihitaji vibali kama vya kusafirisha pembe za faru, na ilikubaliwa kwamba vyura na uzao wao wanabaki mali ya Tanzania. Wale waliolalamika kwamba tumewapa wazungu wanyama wetu hawakuambiwa sehemu hii ya mkataba, au waliambiwa hawakutaka kusikia.

Huko nako haikuwa raha. Wengi walikufa: minyoo ya mapafu, upungufu wa virutubisho, maji yasiyowafaa, taa zisizofaa. Ilipofika 2004, wakati porini wanakwisha, bustanini walikuwa wamebaki pungufu ya sabini. Spishi nzima kwenye masanduku machache ya vioo! Watunzaji wa Bronx na Toledo walilazimika kujifunza tangu mwanzo: maji yaliyosafishwa mpaka hayana chumvi, mwanga wa aina maalumu, joto linaloshuka kwa wakati wake, ukungu unaotolewa kwa saa. Chakula chake kilikuwa wadudu wa ardhini wadogo kama punje ya chumvi, vinzi vya matunda, na vitoto vya nyenje vilivyotoka kuanguliwa. Mtu anazalisha wadudu wa kumlisha chura anayetoshea kwenye ukucha. Taratibu idadi ikapanda hadi maelfu, ndipo wale mia moja wakaweza kurudi kwenye maabara iliyojengwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwishoni mwa 2012 kundi la kwanza likarudishwa bondeni, likiwekwa kwanza ndani ya vizimba vya wavu ili waonekane kama wanastahimili, halafu mengine yakafuata.

Je, wamepona? Jibu la haraka ni hapana, bado. Maelfu wameachiwa kwa awamu, kuvu ya kitridi haijaondoka bondeni, na tathmini ya IUCN ya 2015 iliendelea kumweka kwenye fungu la waliotoweka porini. Kumrudisha chura nyumbani ni hatua moja, nyumba kuwa nyumba ni nyingine. Bonde bado linalowa kwa bomba. Siku fedha za vipuri zikikosekana, au mtu wa kuzibua matundu akihamishwa, tunarudi tulikotoka. Huu ndio uokoaji usio na mwisho, na ndio ambao wafadhili hawaupendi: hauna picha ya kukata utepe.

Wapo wanaosema basi tumeshindwa, fedha zimeliwa na chura. Mimi nasema tazama kilichobaki mezani. Mkopo wa Benki ya Dunia wa mwaka 2001 kwa ajili ya mazingira ya Kihansi haukuishia kwenye vinyunyizio; sehemu yake ilikwenda kwenye kujenga sheria na taasisi. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na tathmini ya athari kwa mazingira ikawa sharti la kisheria kabla ya mradi kuanza, chini ya NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kijana anayepinga leo kiwanda kujengwa kwenye chanzo cha maji cha kijiji chake, akidai aonyeshwe cheti cha tathmini, anatumia silaha ambayo kwa sehemu imetokana na aibu ya chura huyu. Hajui, na hana haja ya kujua. Kadhalika watafiti walipoingia bondeni kwa ajili ya chura, walikuta mengine. Mmoja ni mti wa kahawa wa mwituni, Coffea kihansiensis, uliotambulishwa kwa sayansi mwaka 2004 na unaojulikana kutoka bonde hilo tu. Nchi inayouza kahawa ilikuwa karibu kupoteza ndugu wa kahawa bila hata kumjua.

Sasa nije kwenye hoja ambayo siisikii ikisemwa. Kibali cha maji cha Kihansi kiliamuliwa na nchi iliyokuwa na njaa ya umeme. Mita mbili zilitolewa na mtu anayeogopa giza, na kwa wakati ule namwelewa. Hali ile imebadilika. Maji ya Kihansi yanaingia Kilombero, Kilombero inaingia Rufiji, na kwenye Rufiji sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 2024. (Hilo nalo lina kesi yake: wahifadhi walilipinga miaka mingi kwa kuwa lilipangwa ndani ya Pori la Akiba la Selous, wakashindwa, na namna walivyoshindwa inastahili andiko lake.) Megawati 180 zilikuwa theluthi ya umeme wa maji wa nchi. Leo hazifiki hata sehemu ya kumi ya bwawa hilo moja.

Kwa hiyo swali la mita za ujazo linaweza kufunguliwa upya, na safari hii bila kumtisha mtu na giza. Kuongeza mita mbili nyingine kwenye poromoko ni kuacha megawati kama kumi na nne za Kihansi, na maji yenyewe hayapotei: yanashuka bondeni, yanarudi mtoni, yanakwenda kuzungusha mitambo ya Rufiji. Si lazima iwe mwaka mzima. Inaweza kuwa miezi ya kiangazi tu, wakati bonde linakauka zaidi, au saa za usiku wa manane mahitaji yakiwa chini, ili ijaribiwe kama rasharasha ya kweli inafanya kile ambacho bomba halikifanyi. Yanayohitajika ni TANESCO, shirika la umeme, bodi ya bonde la Rufiji, NEMC na wataalamu wa chuo kikuu kuketi na takwimu zao za mtiririko wa maji, wanazo za miaka zaidi ya ishirini.

Na anayetaka kuanzisha kampeni asibebe picha ya chura wa njano peke yake. Abebe kibali. Kina kiwango, kina masharti, na masharti ya kibali cha maji kisheria yanaweza kupitiwa upya.